Bunduki Mbili za Rangi ya Fedha

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Kosa wanalofanya wengi ni kusikiliza hadithi kabla ya kusoma chuma. Mtu anakuletea bunduki ya vita, anaanza na babu, meli, theluji, matope. Mwache amalize. Kisha vaa miwani. Chuma kina mihuri yake: wa kiwanda, wa mkaguzi, wa mwaka, wa jeshi. Hadithi huongezwa chumvi kila Sikukuu ya Shukrani, mhuri unabaki ulivyopigwa. Nimewaeleza hivi wanachama wa klabu yetu ya wakusanyaji wa silaha za vita kwa miaka ishirini na miwili. Baadhi husinzia.

Asubuhi mkutano wa klabu, ukumbi wa zimamoto. Wamemchagua tena Delmar Hostetter kukaa kwenye meza ya kutambua silaha siku ya maonyesho, Jumamosi ya tarehe 19. Mwaka wa sita mfululizo. Delmar alikuwa mchinjaji. Aliacha shule darasa la nane. Mimi nimefundisha jiometri miaka thelathini na minne. Kura kumi na tisa kwa mbili. Moja ilikuwa yangu. Ya pili bado naichunguza.

Delmar alinigonga bega. Akasema, Profesa, njoo ukae nami, utanishikia taa. Nilikunja kiti changu nikaondoka.

Jioni akaja Ardella Fenstermacher. Nilimfundisha mwaka 1964. Pembetatu zilimshinda, lakini alikuwa na adabu, na bado ananiita Mwalimu. Alibeba bunduki iliyoviringishwa kwenye shuka ya flaneli. Ilikuwa ya baba yake, Wilmer, aliyefariki Aprili. Yote imepakwa rangi ya fedha, kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitako, kama bomba la moshi la jiko. Wazee wa jumba la maveterani walikuwa wakizipaka hivyo zamani ili zing'ae kwenye gwaride la Mei la kuwakumbuka waliokufa vitani. Dhambi, lakini ya kawaida hapa kwetu.

Anataka itundikwe kwenye ukuta wa jumba hilo tarehe 11 Novemba, Siku ya Maveterani, na jina la Wilmer chini yake. Sharti la ukuta ni moja: silaha iwe imetwaliwa vitani, si kuokotwa baadaye. Na hapo ndipo penye shida. Baba yake mdogo, Clayton, amesema kwenye kila meza kwa miaka hamsini kwamba Wilmer alimaliza vita akimenya viazi jikoni, na kwamba bunduki aliichukua kwenye lundo baada ya Wajapani kusalimu amri. Wilmer hakuwahi kujibu. Hakuwa mtu wa maneno.

Nilimweleza Ardella kwamba swali hili hujibiwa na chuma. Bunduki ya Kijapani ilichongwa ua la mfalme juu ya chemba, pale risasi inapokaa, petali kumi na sita. Waliposalimu amri, ua lilikwanguliwa kwa tupa kabla silaha haijakabidhiwa. Kwa hiyo ua zima, imetwaliwa vitani. Ua lililokwanguliwa, lundo. Na hapa ua, kama lipo, liko chini ya rangi. Nikamwambia aniachie siku chache.

Aliniuliza kama itachukua muda mrefu. Nikamwambia sayansi haina haraka. Alinishukuru mara tatu.

Jumanne, 8 Oktoba

Niko chumba cha chini ya nyumba tangu baada ya chai. Thina, kitambaa laini, mswaki wa zamani wa Verna. (Verna ni mke wangu. Mswaki haukuwa wa zamani sana, nimeelezwa.)

Saa nne na robo, petali ya kwanza. Nikaketi. Saa nne na nusu, zote kumi na sita. Kali, nzima, hakuna mkwaruzo. Mhuri wa kiwanda cha mwanzo. Nambari 48213. Hata mabawa madogo ya kulengea ndege bado yapo, ambayo askari wengi waliyang'oa wakayatupa. Miaka ishirini na miwili natafuta hii. Ilikuwa maili moja kutoka hapa, chini ya kitanda cha Wilmer, imepakwa kama bomba.

Nimewaza kwa utulivu. Ardella akiipata, itatundikwa ukutani. Ukuta ule una unyevu. Baada ya miaka kumi itakuwa kutu. Nani ataitunza? Nani hata ataisoma?

Mimi pia nina ya Kijapani, aina hiyohiyo, nambari 77906. Niliinunua kwa Delmar mwaka 1985. Ua lake limekwanguliwa, halina thamani yoyote. Nikiipaka rangi ya fedha, hakuna mtu duniani atakayezitofautisha. Ardella anataka kitu kirefu cha rangi ya fedha cha kumkumbuka baba. Atakipata. Mimi nitatunza kilicho cha kutunzwa. Huu si wizi. Ni kugawanya vitu kulingana na uelewa.

Wilmer mwenyewe hakujali kunena. Kwa nini nijali kuliko yeye?

Jumatano, 9 Oktoba

Nimenunua kopo la rangi ya fedha. Muuzaji akauliza ni ya nini. Nikasema chuma cha joto cha sebuleni, kile cha kupasha nyumba wakati wa baridi. Jibu zuri, lililokuja lenyewe. Ubaya ni kwamba muuzaji ni binamu wa Verna.

Verna akaniuliza wakati wa chakula cha mchana tangu lini nataka kupaka chuma cha joto. Nikamwambia muda mrefu. Akasema amefurahi sana, ameniomba miaka tisa. Mchana wote nimepaka chuma cha joto. Jioni nimepaka bunduki, mgongo ukiniuma.

Kazi safi. Rangi imekauka vizuri. Nimeipangusa na vumbi la jivu ili ionekane ya zamani. Ile ya Wilmer nimeimalizia kusafisha, nikaipaka mafuta ya kitani kwenye mbao na mafuta ya mashine kwenye chuma, tabaka tatu, kwa kidole. Ni nzuri kiasi kwamba nimepanda kuiangalia mara mbili. Yaani nimeshuka. Nimechoka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ardella amekuja na pai ya maboga. Nilikwisha kukwangua sehemu ndogo juu ya chemba ya ile yangu, ili aone mwenyewe. Nilimkalisha, nikampa kioo cha kukuzia, nikamwonyesha mistari ya tupa mahali ua lilipokuwa. Nikamweleza kwa mpangilio: kwanza ushahidi, kisha maana yake.

Alitazama muda mrefu. Hakulia. Aliweka kioo mezani taratibu, kama kinaweza kuvunjika.

"Kwa hiyo baba mdogo Clayton alikuwa anasema kweli."

Nikamwambia chuma hakina upande.

"Nimegombana naye kwenye mazishi, Mwalimu. Mbele ya jeneza. Nilimwita mwongo."

Nikamshauri amwombe radhi. Nilidhani ni ushauri mzuri. Aliviringisha bunduki kwenye shuka akaenda. Hakuchukua sahani yake.

Pai nzuri sana. Nimekula vipande viwili, kisha cha tatu.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani Clayton alikuwa na raha kupita kiasi. Ardella alikuwa amemfuata Jumamosi kumwomba radhi, na kufikia leo mji mzima unajua. Clayton alisimama mlangoni akiwashika watu mikono kama yeye ndiye mchungaji. Akawaambia hana kinyongo, mpishi naye ni askari, bila viazi hakuna ushindi. Watu wakacheka. Ardella alitoka kwenye kwaya wimbo wa pili haujaisha.

Verna akaniuliza kama nina hakika na nilichomwambia yule binti. Nikamweleza habari ya mistari ya tupa. Akasema hakuuliza habari ya tupa.

Saa tisa simu. Ardella, sauti imebadilika. Alirudi nyumbani akaanza kutoa nguo za baba yake ili azigawe. Ndani ya kiatu cha uwindaji akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni hati ya ruhusa ya kurudi na silaha nyumbani, imesainiwa na kapteni. Okinawa, 9 Juni 1945. Vita vilikwisha Agosti! Na kwenye hati kuna nambari ya bunduki. Akanisomea polepole: nne, nane, mbili, moja, tatu.

Niliketi kwenye ngazi.

Lazima nieleze, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba bunduki ya Kijapani yenye ua zima ni adimu, lakini yenye ua zima pamoja na hati yake ni kitu ambacho mimi nimekiona kwenye picha tu. Na hati iko kwa Ardella. Na bunduki iko kwangu. Na kwake iko bunduki yenye nambari nyingine chini ya rangi.

Anasema hajakwangua mahali pa nambari, anaogopa kuharibu. Anataka Delmar akwangue Jumamosi kwenye maonyesho, hadharani, na Clayton awekewe kiti cha mbele. Kama nambari ni tofauti, basi, atanyamaza maisha yake yote. Lakini kama ni hiyo, kila mtu aione.

Nikamwambia ushahidi mpya unadai uchunguzi mpya. Aniletee bunduki kesho. Akasema, "Mungu akubariki, Mwalimu. Nilijua hutaniacha."

Jumanne, 15 Oktoba

Ameileta jana. Leo kazi ni rahisi kueleza: kuirudisha ya Wilmer kwenye rangi ya fedha, kuificha yangu, kumpa yake. Hakuna aliyeumia. Karibu tendo jema.

Tatizo, mafuta. Tabaka tatu. Rangi haishiki juu ya mafuta. Inajikusanya na kuwa matone, kama jasho. Nimefuta kwa thina, nimepaka, imeteleza. Nimefuta tena. Nimetumia draya ya nywele ya Verna. Nimeiweka kwenye oveni, mlango wazi, kitako nje, dakika ishirini. Verna akaingia na kuku wa supu ya mahindi. Akatazama oveni. Akanitazama mimi. Akauliza kama na hicho ni chuma cha joto.

Nikamwambia ni sehemu yake.

Nimelazimika kutoa bolti, yaani kile chuma unachovuta nyuma na kusukuma mbele ili risasi iingie, kwa sababu nayo Wilmer aliipaka. Ya kwangu niliitoa pia, nirekebishe rangi mahali nilipokwangua, isije ikaonekana imeguswa hovyo kama mtu atashuka huku. Kwa hiyo mezani: bunduki mbili za fedha, bolti mbili za fedha, zote mbichi, kwenye magazeti. Verna akaita chakula. Nikapanda. Nikashuka. Nikaunganisha. Kufikia jioni zote mbili zimekauka, zimekaza, hakuna tofauti.

Ni raha kuona kichwa cha mtu wa miaka sitini na tisa bado kinafanya kazi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Ardella ameichukua. Nilimwambia nimebaki na shaka ya kitaalamu kuhusu mistari niliyoiona mara ya kwanza. Mwanga wa chumba cha chini si mzuri. Inawezekana ilikuwa mikwaruzo ya rangi tu. Alinitazama kwa namna fulani. Akauliza sasa kwa nini ile sehemu niliyomkwangulia imefunikwa tena. Nikamwambia nimeifunika ili chuma kisipate kutu. Akasema sawa, Mwalimu.

Rangi haitoki kwenye kucha. Nimejaribu thina, limau, mchanga.

Jumamosi, 19 Oktoba

Maonyesho. Ukumbi wa zimamoto umejaa, harufu ya kahawa na mafuta ya bunduki. Clayton kiti cha mbele, kofia kichwani, amekunja mikono. Ardella amesimama upande wa pili wa meza, hati kwenye bahasha. Mimi nyuma kidogo, karibu na mlango wa magari ya zimamoto, mikono mfukoni.

Delmar hana haraka, lazima nikubali. Alilowesha kitambaa, akapitisha mara moja. Kitambaa kikawa fedha tupu. Akakinusa. Akatazama kidole chake. Akaendelea.

Ua likatoka. Alihesabu petali kwa sauti, akigusa kila moja kwa ncha ya penseli, na watu wakawa wanahesabu naye kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kumi na sita. Kisha nambari. Ardella akasoma kutoka kwenye hati, Delmar akasoma kutoka kwenye chuma, tarakimu moja moja, kama watu wawili wanaopokezana kamba. Nne. Nne. Nane. Nane. Mpaka tatu. Tatu.

Clayton alivua kofia akaiweka gotini. Akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba Wilmer angeweza kusema neno, miaka yote hamsini.

"Ulimpa nafasi lini, baba mdogo?"

Clayton alinyanyuka, akaenda akasimama karibu na bunduki, akaweka kidole juu ya ua. Alikaa hivyo.

Hapa ningeweza kwenda nyumbani. Nililiona hilo hata wakati ule. Lakini Delmar alikuwa anakunja kitambaa, kazi yake ikapigiwa makofi, na hakuwa ameeleza lolote! Alikwangua tu. Watu walikuwa wameona nusu ya somo. Nikasogea mbele. Nikawaambia, mabibi na mabwana, bunduki haina nambari moja. Tarakimu tatu za mwisho hupigwa pia kwenye bolti, na mtambuzi makini hamalizi mpaka amezilinganisha. Nikasema kwamba kwa masikitiko wapo watambuzi ambao husahau.

Delmar akasema kweli, Profesa, ahsante. Akavuta bolti. Akaipangusa.

"Mia tisa na sita," akasema.

Watu wakatazamana. Inapaswa kuwa mia mbili na kumi na tatu. Delmar akaigeuzageuza bolti. Kisha akatoa daftari lake la zamani la bucha, lile lenye madoa, ambamo ameandika kila kitu alichouza maishani. Akalamba kidole. Akafunua taratibu sana.

"Novemba 1985. Nusu nguruwe, Bibi Dietz. Soseji, ratili sita. Bunduki moja ya Kijapani, ua limekwanguliwa, 77906, Mahlon Kunkel." Akanitazama juu ya miwani. "Profesa, bolti yako imefikaje kwa Wilmer?"

Nilieleza kwamba wakati wa vita viwanda vilichanganya vipuri. Ni jambo linalojulikana. Nilianza kueleza habari za mabomu na uhaba wa chuma. Nikaona hakuna anayeandika.

Ardella alikuwa ananitazama, si usoni, chini zaidi.

"Mwalimu," akasema, "toa mikono mfukoni."

Nilikuwa nikiwaambia hivyo darasani, kila asubuhi, miaka thelathini na minne. Nikatoa. Kucha kumi za fedha.

Hakupandisha sauti. Aliniambia nilimketisha kwenye kiti changu, nikampa kioo cha kukuzia, nikamfanya aende akaombe radhi kwa kumtetea baba yake. Akaniuliza kama ile pai niliila. Nikasema ukweli, kwamba ilikuwa nzuri sana. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akaacha.

"Kesho kabla ya ibada," akasema, "bolti ya baba iwe mlangoni kwangu. Na sahani."

Jumapili, 20 Oktoba

Nimepeleka bolti. Nimepeleka sahani, imeoshwa. Nimeambatanisha barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, yenye mchoro unaoonyesha jinsi bolti mbili zinavyoweza kubadilishana mahali bila mtu kukusudia. Mlango ulifunguliwa kiasi cha mkono kupita. Mkono ulichukua bolti na sahani.

Kanisani, Clayton na Ardella benchi moja. Mzee alishika kitabu cha nyimbo upande wake, Ardella upande wake. Bunduki itatundikwa tarehe 11 Novemba. Clayton ameomba aibebe mwenyewe hadi ukutani.

Verna amenipikia kabichi chachu bila nyama. Nikauliza nyama iko wapi. Akasema ipo kwenye oveni, nikaangalie. Nilikwenda kuangalia. Hapakuwa na kitu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Barua ya klabu imefika. Kwa kura ishirini kwa sifuri siruhusiwi kugusa bunduki yoyote ndani ya ukumbi kwa miaka miwili. Kwa hiyo ile kura ya pili nayo imekwenda. Nimeisoma barua mara nne, kama inavyopaswa kusomwa hati yoyote. Inasema ndani ya ukumbi. Haisemi jikoni kwa mtu.

Nimechambua kilichotokea bila hasira. Watu wanazungumza kana kwamba nilikosea jambo kubwa la maadili. Kosa lilikuwa la mpangilio wa meza. Bunduki mbili hazipakwi siku moja. Ningefunga uzi mwekundu kwenye bolti moja, leo ningekuwa naheshimiwa na kila mtu, na Ardella angekuwa na furaha kamili bila kujua lolote. Nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho: uzi. Pia: glavu.

Gazeti la asubuhi. Ukurasa wa vifo. Ezra Schlegel wa Pine Hollow, miaka themanini na mmoja, alipigana Italia, alipenda bustani na mchezo wa kuviringisha mipira, ameacha mke, Lorraine, na, naandika kama lilivyochapwa, mkusanyiko wa vitu vya vita ambao familia haijui cha kufanya nao. Haijui cha kufanya nao! Mwanamke peke yake, ana msiba, hana mtu wa kumwelewesha. Delmar hasomi gazeti mpaka baada ya chakula cha mchana.

Leo, kabla ya saa tatu: mpigie simu mjane, mpe pole, mwambie asiguse kitu.